Pembetatu ya Vainer Bigliardi

Vainer Bigliardi aliipeleka maikromita yake, chombo cha kupimia unene wa vyuma, ikakaguliwe, na baada ya wiki moja ikarudi na karatasi yenye muhuri: chombo ni kizima, hakina kosa lolote. Aliisoma karatasi ile mara mbili akiwa amesimama mlangoni, akaikunja, akasema wale ni waongo. Kesho yake akanunua maikromita nyingine.

Msimcheke kabla hamjamjua. Mtu huyu alikuwa akichonga vyuma tangu ana miaka kumi na mitano. Kwa miaka thelathini na minane alitengeneza kalibu za vigae vya sakafu, kazi ambayo ukikosea sehemu mbili za mia za milimita, kigae kinatoka kimepinda na msimamizi anakuja kukutazama bila kusema neno. Katika nchi ile ya Emilia, ambako kila ua lina karakana na kila karakana ina mzee, mtu haulizwi sana anasali wapi. Anaulizwa mkono wake unafika kipimo gani. Sasa mtu kama huyo anapima kipande kilekile mara tatu, anapata namba tatu. Chuma hakijabadilika. Joto la chumba halijabadilika. Basi ni nini kimeharibika kama si maikromita? Kwamba mkono wenyewe ulikuwa unatetemeka, wazo hilo lilikuwa la mwisho kumjia, na lilipokuja alilifukuza kama mbwa wa jirani.

Mkewe, Ilva, alikuwa ameliona mapema zaidi, kwenye kijiko cha supu.

"Mkono ndio unacheza, Vainer," alimwambia.

"Ni baridi."

"Mwezi wa saba?"

"Basi ni supu. Umeijaza mno."

Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Vainer aliyaficha yake miezi minane, akinunua vipimo vipya huku vya zamani vikiwa vizima, kwa sababu moja tu: alikuwa na injini ya kumaliza.

Habari ya injini ilianza katika ua wa baa ya mama Dirce, Jumamosi moja asubuhi, mwaka aliostaafu. Wazee wa kijiji cha Borgo Salice hukutana pale na vyombo vyao vya moto, skuta na pikipiki za ujana wao, wanafungua, wanafunga, wanatukanana. Learco Montorsi ndiye aliyekuwa hodari wa kutukana. Alikuwa msaga vyuma, amefanya kazi na Vainer mashine kwa mashine, na waliishi malango matatu mbali. Learco hakuwahi kusifu kitu. Mkate wa Dirce ulikuwa mkavu, harusi ya binti yake mwenyewe ilikuwa ndefu. Neno lake kubwa la sifa lilikuwa "siyo mbaya sana," na wengine walikufa bila kulisikia.

Siku hiyo walikuwa wakizungumzia injini za kuzunguka. Injini ya kawaida ina pistoni inayopanda na kushuka. Hii haina. Ndani yake kuna chumba chenye umbo la ganda la karanga ya punje mbili, na ndani ya chumba hicho inazunguka pembetatu ya chuma yenye mbavu nene, kona zake tatu zikisugua ukuta muda wote. Ni kitu kizuri kukitazama kwenye mchoro. Kukitengeneza ni balaa, maana kwenye kila kona kuna ubao mwembamba wa chuma unaosukumwa na springi, na ubao ule usipokaa sawasawa pumzi ya injini, ile hewa iliyobanwa, inavuja, na injini isiyo na pumzi ni uzito wa bure.

"Nitatengeneza moja," Vainer alisema, "niiweke kwenye skuta ya marehemu baba, ile Lambreta."

"Wajerumani wamevunja vichwa, Wajapani wamevunja vichwa," alisema Learco. "Wewe una kichwa kimoja tu, tena kidogo. Iweke ndani ya kabati, itakaa vizuri zaidi."

"Nitaiendesha mimi mwenyewe juu ya tuta la mto mpaka daraja la pili. Na nikirudi nitakupulizia moshi langoni."

"Nitaliacha lango wazi basi, bwana. Maana nitakuwa nimeshazikwa."

Watu walicheka, Vainer naye alicheka, lakini kiapo kilikuwa kimeshatoka mdomoni. Kiapo chenyewe ndicho hicho: yeye mwenyewe, juu ya tuta, kwenda na kurudi. Hakusema itaendeshwa. Alisema nitaiendesha.

Ilimchukua miaka kumi na mmoja. Chumba cha kwanza kilipasuka. Cha pili kilivuja. Cha tatu kilizunguka vizuri saa nzima, na alipokifungua akakuta ukuta umechanwa mistari kana kwamba umekunwa kwa mbuzi ya nazi. Cha nne alikisaga na kukisugua msimu mzima wa baridi. Ilva alikuwa akimletea chakula karakanani na kukikuta jioni kimekauka.

"Wanawake wenzangu wananyang'anywa waume na wanawake," aliwaambia majirani. "Mimi nimenyang'anywa na karanga."

Halafu ukaja huo mtetemeko, na hatimaye daktari. Alikuwa mama mpole, pale mjini Modena. Alimwambia Vainer agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, achore mduara unaojikunja kama konokono, atembee mpaka mlangoni na kurudi. Vainer alipoutazama mduara wake aliona haya. Angekuwa ni mwanafunzi wake kauchora, angemwambia akatafute kazi ya kuuza mboga.

"Ni Pakinsoni, bwana Bigliardi," daktari alisema.

"Kosa ni kiasi gani?"

"Sijakuelewa."

"Nimetoka nje ya kipimo kwa kiasi gani? Na mnarekebishaje?"

Daktari alimweleza kwa upole kwamba ugonjwa huu haupimwi hivyo, na haurekebishwi. Kuna vidonge. Vidonge vitasaidia saa kadhaa kila mara, kisha vitachoka, kisha atameza vingine. Kuhusu leseni ya kuendesha, ilikuwa inakwisha Septemba, na alipouliza itakuwaje, daktari alikohoa kidogo na kuandika kitu.

Kwa mara ya kwanza maishani Vainer aliambiwa kitu kimeharibika na hakuna cha kupunguza wala cha kuongeza. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ndivyo tunavyosema, na ni maneno mazuri, lakini mhunzi huyu koleo lake lilikuwa mkono. Alirudi nyumbani na basi, amekaa juu ya kiganja chake cha kulia ili abiria wasikione.

Vipande vyote vilikuwa tayari. Kilichobaki ni kuviunganisha, na hapo ndipo aliposhindwa. Springi za zile kona zilikuwa nyembamba kama unywele. Unaiweka kwenye ufa wake, unaibana, unateremsha ubao juu yake, unaufunga. Ni kazi ya dakika moja kwa mkono uliotulia. Vainer aliifanya alasiri tatu mfululizo. Ya kwanza iliruka ikapotelea chini ya meza. Ya pili ilipinda. Alasiri ya tatu iliruka tena, naye akapiga magoti na sumaku akaitafuta sakafuni, akaikuta, akaiinua, ikamponyoka, akaiinua, ikamponyoka. Akabaki palepale kwa mikono na magoti. Akalia, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kulia, alilia vibaya, kwa kelele.

Ilva alikuja na aproni yake. Hakusema pole. Alivuta kiti, akavaa miwani.

"Sogea."

"Hii si kazi ya kushona, Ilva."

"Nimesema sogea. Unaniziba mwanga."

Ilva alikuwa amefanya kazi miaka thelathini kwenye kiwanda cha sweta, kitengo cha kuunga kola: unachukua kitanzi kimoja kimoja cha uzi, mamia kwa kila shingo, unakivisha kwenye sindano yake, na ukiruka kimoja sweta yote inafumuka kifuani pa mteja. Hakuwahi kuruka. Alishika springi kwa kibanio chake cha nyusi, akaitazama.

"Naanza kona gani?"

"Yoyote."

"Hah! Miaka kumi na mmoja sijakusikia ukisema 'yoyote,' leo ndio unaanza?"

"Hiyo iliyo juu. Upande mrefu wa springi uangalie ndani. Usiibane kabisa. Iguse tu."

Akaigusa tu. Ubao ukateremka, ukakaa, ukatoa mlio mdogo.

"Ndicho hiki kilichokuwa kinakuliza?" Ilva aliuliza.

Kwa dakika nzima Vainer alimchukia mke wake. Lazima niliseme, maana ni kweli. Alifurahi, na alimchukia, vyote pamoja, kama mtu aliyeokolewa majini kwa kuvutwa nywele. Kisha akamwambia aendelee na kona ya pili.

Kuanzia hapo alikuwa mdomo na Ilva akawa mikono. Alimfundisha kukaza bolti kwa zamu, hii kisha ile ya mkabala wake, wala si kwa kuzunguka. Alimfundisha kusikiliza nati. Ilva alikuwa mbishi, aliuliza kwa nini kila kitu, na mara mbili sababu aliyokuwa nayo Vainer haikuwa sababu bali mazoea tu, wakabadilisha. Waliifunga injini kabla ya mwisho wa Aprili. Wakaizungusha mezani kwa mashine ya kutobolea, bila petroli, na Vainer akaziba tundu la plagi kwa kidole. Pumzi ilikisukuma kidole chake mara tatu kwa mzunguko, mara tatu kwa mzunguko, kila sukumo sawa na lingine.

Learco alikuja kuitazama. Aliinama, akazunguka, akatafuta kosa kwa muda mrefu.

"Weka stata ya umeme," alisema mwishoni.

"Stata ni ya mashine ya kukatia majani."

"Vainer. Kiki ile mimi nimeiona. Ile itavunja mguu wa farasi."

Kiki, chuma kile cha kuwashia injini kwa mguu, Vainer aliichonga mwenyewe pamoja na meno ya gia zake, mwaka wa tatu wa kazi. Injini ya namna hii haitaki nguvu tu, inataka kasi: ukiizungusha polepole, pumzi inapenya konani kabla haijabanwa, na cheche inawasha hewa tupu. Kwa hiyo aliyapanga meno ili pigo moja la mguu lizungushe mara tano. Ilikuwa ngumu, na aliijaribu kwa mguu wake mwenyewe mpaka akaridhika. Na klachi vivyo hivyo, springi nne nene, kwa kuwa injini itakimbia sana, na aliijaribu kwa mkono wake mwenyewe akaridhika. Kila kitu kwenye skuta ile kilipimwa kwa Vainer Bigliardi wa miaka sitini na tisa, mwenye shingo ya ng'ombe na vidole vya koleo. Sasa alikuwa na miaka sabini na nane. Alijua hilo kichwani, kama mtu anavyojua umbali wa mwezi.

"Ni kiki yangu," alimwambia Learco. "Nitaipiga mimi."

Sasa, katika ua ule wa Dirce kuna adabu moja, na haijaandikwa popote. Injini mpya huwashwa na aliyeitengeneza, kwa mguu wake, mbele za watu. Wengine husimama wameweka mikono nyuma. Hairuhusiwi kugusa, hairuhusiwi kushauri. Ukimsaidia mtu kuwasha injini yake ya kwanza umemwambia kwamba hakuitengeneza. Nimewaona pale watu wakipiga kiki mpaka saa saba mchana, na wenzao wamesimama kama nguzo, mikono nyuma, kwa heshima.

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Mei. Vainer alimeza kidonge saa mbili, kwa hesabu yake mwili ungemtii mpaka saa nne na nusu hivi. Waliisukuma Lambreta mpaka uani, yeye na Ilva, kukiwa kweupe na joto. Walikuwapo Learco na wazee wengine wanane. Na kwa kuwa walimpenda, waliitazama ile kazi kama inavyostahili kutazamwa: walipiga magoti, wakavaa miwani, wakapitisha kucha kwenye viungo, wakauliza chuma gani, umesaga kwa jiwe gani, ukuta umeupaka nini. Hakuna aliyetaka kuonekana ametazama upesi. Walimheshimu hivyo mpaka ikafika saa nne na robo, na Vainer akaanza kusikia mguu wake wa kulia ukigeuka kuwa mti.

"Haya," alisema. "Inatosha."

Wakarudi nyuma. Mikono ikaenda nyuma.

Alifungua petroli, akasimama juu ya skuta iliyokuwa kwenye stendi yake, akaweka mguu kwenye kiki, akapiga. Injini ilizunguka kidogo, ikakoroma, ikanyamaza. Akapiga tena. Alijua kosa papo hapo. Angelijua hata usingizini. Kasi ndogo. Akapiga la tatu kwa uzito wa mwili wote, na mwili wote ukachelewa kufika. La nne. La tano mguu uliteleza, na chuma kikarudi kikamkwangua muundi. Damu ilishuka ikaingia kwenye soksi.

Hakuna aliyesogea.

Pale walikuwapo watu watatu ambao wangeiwasha kwa pigo moja. Vainer alijua, na wao walijua. Mmoja alikuwa anaangalia mawinguni. Learco alikuwa amesimama mbele kabisa, taya limekaza, mikono nyuma, na mikono ile ilikuwa inabanana mpaka mabega yakapanda. Vainer alimtazama. Kama angesema tu "nisaidie," Learco angekuja mbio. Lakini angelisemaje neno hilo? Na Learco angejitoleaje, na kumwaibisha mwenzake mbele ya uwanja mzima? Walibaki wakitazamana, marafiki wa miaka hamsini, kila mmoja anamngoja mwingine afanye jambo ambalo mwingine hawezi kulifanya. La sita. La saba halikuwa pigo hata kidogo, lilikuwa mguu tu uliowekwa juu ya chuma.

"Nyie wanaume mmepigiliwa misumari?" Ilva alipiga kelele kutoka kwenye meza ya Dirce.

"Ilva," alisema Learco, "siyo kwa ubaya. Unajua ni desturi."

"Desturi gani ya kumwangalia mtu anachunika? Mngekuwa wanawake angekuwa ameshafika darajani, amerudi, amekunywa na kahawa!"

Alikuja na vile viatu vyake vya nyumbani. Ana miaka sabini na minne na nyonga ya bandia. Alimshika Vainer kiunoni, akaweka mguu wake juu ya mguu wa mumewe, juu ya kiki.

"Ilva, wewe hujui kupiga kiki."

"Mikono ilikuwa yangu, kwa hiyo na mguu ni wangu. Kidole kimoja hakivunji chawa, mzee wangu. Hesabu."

"Moja," alisema Vainer. "Mbili."

Pigo la kwanza wote wawili nusura waanguke. La pili iliwaka.

Iliwaka kwa mlio ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwenye ua ule, si tu-tu-tu ya skuta zao bali uzi mmoja mrefu wa sauti, laini, kama mashine za kiwanda cha sweta zinavyosikika ukiwa nje ya ukuta, Ilva alisema baadaye. Moshi wa bluu ulifunika viti. Wazee walipiga mayowe kama watoto. Mmoja alimbusu Dirce, ambaye hakuwa ameomba. Vainer alikuwa anacheka na kamasi zinamtoka, na hakujali. Miaka kumi na mmoja. Ilikuwa hai chini yake, anaisikia magotini.

"Tuta! Tuta!" wakapiga kelele. "Twende darajani!"

Alikaa vizuri kwenye kiti. Akashika usukani. Akaweka vidole vinne vya mkono wa kushoto kwenye klachi, akavuta.

Ilikuja kidogo, ikasimama. Akavuta tena. Springi nne nene. Aliuleta mkono wa kulia usaidie, na mara mkono wa kulia ulipoachia mpini wa petroli, injini ikaanza kuzama, akaurudisha upesi. Akavuta kwa mkono wa kushoto mpaka mtetemeko ukapanda begani na kioo cha usukani kikaanza kugonga. Injini ilikuwa inaimba, na yeye yuko juu yake, na haendi popote.

Learco alisogea. Aliivunja desturi mbele ya wote, akainama sikioni kwake.

"Nikushikie klachi mpaka utoke?"

"Na kusimama?" Vainer alisema. "Atanishikia nani kule darajani?"

Vainer alikuwa amejiandaa kwa injini kupasuka, kuvuja, kushika moto. Hakuwa amejiandaa kwa hili, injini nzima na yeye mbovu. Kisha akashuka, polepole, mguu mmoja, halafu Ilva akamvusha wa pili.

"Panda wewe."

"Mimi?" Learco alirudi nyuma. "Mimi nimesema miaka kumi na mmoja kwamba haitawaka. Sipandi. Mpe mwingine."

"Panda, Learco. Petroli inakwisha. Unataka nikuombe?"

Learco alipanda. Aliitoa kwenye stendi, akaibana klachi kana kwamba ni kitu chepesi, akatoka uani taratibu kama mtu aliyebeba mayai, akapanda tuta, akapotea nyuma ya miti.

Vainer alibaki uani, Ilva amemshika mkono. Hakuwa amewahi kuisikia injini yake kutoka mbali. Aliisikia ikiingia gia ya pili, safi. Ya tatu, safi. Kwa mazoea ya maisha yote alianza kutafuta kosa. Alitega sikio pale Learco alipofungua petroli kwenye mnyooko mrefu, mahali ambapo injini hizi hukohoa. Haikukohoa. Alitega pale kwenye kona ya kituo cha pampu, ambako lazima upunguze kisha uongeze. Ilipunguza, ikaongeza. Ikaenda mpaka ikawa kama nyuki, ikanyamaza kidogo darajani, ikageuka, ikaanza kurudi. Haikuwa na kosa lolote. Na hapo ndipo hofu ilipomshika, hofu ambayo hata kwa daktari haikumshika. Jumatatu angeamka saa kumi na mbili, angefungua mlango wa karakana, na humo ndani pasingekuwa na kitu cha kufanya. Sasa ilikuwa imekwisha kweli, na yeye hakuwa ameiendesha hata hatua moja.

Learco aliingia uani, akaizima. Alichukua muda mrefu kuvua kofia. Macho yalikuwa mekundu.

"Upepo," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Basi?" alisema mmoja wa wazee. "Sema, bwana!"

Learco alimtazama Vainer. Alimtazama usoni, halafu mkono, ule uliokuwa ukiruka ruka pembeni ya suruali.

"Haiko sawa," alisema.

"Nini?" Vainer aliuliza.

"Inavuja pumzi. Gia ya tatu, ukiibana. Kona moja haikai."

"Inavuja wapi?" Ilva aliruka. "Kona zile nimeziweka mimi, kwa mikono yangu hii! Wewe Learco mdomo wako huo, hata siku ya leo..."

Akamwona mume wake. Sijui aliona nini. Akaishusha ile mikono.

Vainer alijua. Aliisikia gia ya tatu kwenda na kurudi, na hapakuwa na pumzi iliyovuja. Learco, ambaye hakumdanganya hata padri, mama yake akiwa kitandani anakata roho, alikuwa anamdanganya mbele ya watu wanane, na watu wanane wote walikuwa wanaangalia viatu vyao. Damu ilimpanda Vainer kichwani. Alitaka kumwambia: mimi si mtoto, usinitupie mfupa. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Na hapo hapo, kwa aibu iliyomchoma, alihisi jinsi alivyokuwa na njaa ya mfupa ule.

"Kona gani?" aliuliza.

Learco aliitazama injini. "Hilo... hilo mpaka uifungue ndio utajua."

"Nadhani ni mimi," alisema Ilva taratibu, mwanamke ambaye kwa miaka thelathini hakuruka kitanzi kimoja. "Ile ya mwisho niliiweka haraka haraka. Chakula kilikuwa jikoni."

Vainer aliinama, akaweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa bado ya moto, na mkono wake ulitetemeka juu ya chuma, akauacha utetemeke.

"Nilishuku tangu mwanzo," alisema. "Jumatatu tutaifungua."